Kabla ya ukumbi, Mwanza ipate mahali pa kufundishia sanaa za maonyesho

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo moja kuhusu sanaa za maonyesho katika jiji letu la Mwanza na ukanda mzima wa Ziwa. Kila suala hili linapoguswa, iwe kikaoni au redioni, mazungumzo huishia kwenye ukumbi: kwamba hatuna ukumbi wa kisasa wenye jukwaa, taa na viti vya kutosha, na kwamba siku ukijengwa wasanii wetu watainuka. Nilifundisha sanaa katika shule za sekondari za mkoa huu mpaka nilipostaafu, na ualimu wenyewe niliupata Butimba, chuo ambacho kimewaandaa walimu wengi wa muziki, uchoraji na maigizo. Kwa uzoefu huo nasema tunaanzia mwisho. Ukumbi ni mahali pa kupakulia, na sisi jiko, yaani kituo cha kuwafundishia wasanii, hatuna.

Miaka miwili iliyopita kijana mmoja niliyewahi kumfundisha alinijia nyumbani Igoma. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, anacheza bugobogobo, ngoma ya jembe ya Wasukuma, kwa namna ambayo wazee huacha mazungumzo yao wakamtazama jinsi anavyolirusha jembe na kulidaka bila kupoteza mdundo, na alitaka kujua ni wapi atajifunza kutunga, kuigiza na kuongoza kikundi. Nilimjibu kwa neno moja: Bagamoyo. Kati ya Mwanza na Bagamoyo kuna zaidi ya kilomita 1,000, na nauli ni jambo dogo ukilinganisha na ada, chumba na chakula. Hakwenda. Sasa anaendesha bodaboda Buzuruga, na Jumamosi huchezea harusi anapoitwa.

Sina neno baya juu ya Bagamoyo. Chuo cha Sanaa kilianza pale mwaka 1981, na mwaka 2007 kikawa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, TaSUBa, na wengi wa walioshika jukwaa la nchi hii wamepitia mikononi mwake. Kwa hoja yangu, hata hivyo, mwaka unaonihusu zaidi ni 2002, ambapo ukumbi wake mkubwa uliungua moto. Walimu walibaki, wanafunzi walibaki, mafunzo yakaendelea mpaka jengo jipya lilipopatikana miaka kadhaa baadaye. Nawaomba wanaotaka tuanze na ukumbi wajiulize kama Mwanza, tukijengewa leo ukumbi wa fahari kisha kesho ukaungua, kutakuwa na lolote litakaloendelea keshokutwa.

Ninaposema sanaa za maonyesho sina maana ya michezo ya kuigiza peke yake. Nina maana ya kila sanaa ambayo malighafi yake ni mwili wa msanii, sauti yake na muda anaokaa mbele ya watu: ngoma, maigizo, sarakasi, utambaji wa hadithi, vichekesho, na hata ile inayoitwa sanaa ya utendaji, ambamo kitendo chenyewe cha msanii ndicho kazi, bila hadithi wala wahusika. Mwaka 2010 msanii Marina Abramović aliketi kwenye kiti katika Jumba la Makumbusho la Sanaa ya Kisasa, New York, kwa zaidi ya saa 700 zilizogawanywa katika siku nyingi, akitazamana kimya na kila mgeni aliyekuja kuketi mbele yake. Nilipowasimulia wenzangu habari hiyo, mmoja alicheka akasema ni kioja cha watu walioshiba. Nilimuuliza kama amesahau Bulabo.

Kwa msomaji asiyeijua, Bulabo ni neno la Kisukuma linalohusiana na maua, na ni sikukuu inayofanyika Bujora, Kisesa, mwezi Juni, ikifuatana na Sherehe ya Ekaristi ya Kanisa Katoliki. Bujora ndipo ilipo Makumbusho ya Wasukuma, iliyoasisiwa na Padri David Clement, Mkanada wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, ambaye alielewa mapema kwamba ngoma hazihifadhiki kabatini. Humo uwanjani hushindana Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma ambavyo mapokeo yanavirudisha kwa waganga wawili mahasimu, Ngika na Gumha, wa karne ya 19. Makundi mawili huingia kwa wakati mmoja, kila moja na upande wake, na watazamaji wako huru kwenda watakako. Kundi likichosha, watu wanalihama hapo hapo, kwa mamia, vumbi likitimka, na manju, yaani mtunzi na kiongozi wa ngoma, anaona kwa macho yake anavyoshindwa. Mwisho wa siku mshindi ni yule aliyejaza upande wake.

Sheria hiyo moja ya uwanja ilizaa ubunifu ambao hakuna mtaala wowote ungeuagiza. Ili kuwavuta watu kutoka kwa mpinzani, makundi yalileta sanamu za mbao zinazochezeshwa, maleba mapya, nyimbo za kejeli zilizotungwa mahsusi kumchoma manju wa upande wa pili, na dawa za mvuto zinazoitwa samba, ambazo kila upande uliapa kuwa zake ndizo za kweli. Bayeye, chama cha wacheza na nyoka, waliingia na chatu mabegani. Mtu anayesimama mbele ya watu elfu moja na chatu shingoni, akijua kwamba akionyesha woga watamhama, anafanya sanaa ya utendaji, hata kama neno lenyewe hajawahi kulisikia. Kwa hiyo kituo ninachokiomba hakiji kutufundisha kitu kigeni. Kinakuja kuendeleza kazi ambayo zamani ilifanywa na vyama hivi, na ambayo sasa vinashindwa kuifanya.

Kwa nini vinashindwa? Hapa naomba uvumilivu wa msomaji, maana ndipo wengi wanapokosea. Tumezoea kusema vijana wameacha mila kwa sababu ya simu na muziki wa kisasa. Mimi naona sababu kubwa zaidi ni muda. Ngoma za Usukuma zilifuata kalenda ya shamba: msimu wa mvua watu walilima, na bugobogobo yenyewe ni ngoma ya wakulima waliolima pamoja kwa mdundo, kisha baada ya mavuno, kuanzia Juni mpaka Agosti, kijiji kilikuwa na miezi mitatu ya nafasi. Katika miezi hiyo manju alitunga, chama kikafanya mazoezi, mwanachama mpya akapokelewa, akafundishwa na kusahihishwa mpaka akafaa kuingia uwanjani. Shule ilikuwamo ndani ya chama na likizo ilikuwamo ndani ya kilimo. Leo Kisesa karibu imeungana na jiji, vijana wake wanaishi kwa kibarua cha siku, na kibarua cha siku hakina miezi mitatu ya nafasi. Asiyetoka asubuhi kwenda Mwaloni kupakia dagaa au kupanga mali Makoroboi, jioni hali. Huyo humwambii aje mazoezini saa nne kila siku kwa miezi miwili bila kumpa chochote. Ndiyo maana naamini kwamba jambo la kwanza ambalo kituo kinapaswa kumpa msanii kijana ni saa za mazoezi zilizolipiwa, hata kama ni nauli na mlo wa mchana, na mengine yote yafuate baada ya hapo.

Jambo la pili ni mahali pa kukanyaga. Kikundi nilichokuwa nikikisaidia kilifanya mazoezi kwa miaka minne katika uwanja wa shule moja ya msingi, kwa ridhaa ya mwalimu mkuu, mpaka alipohamishwa na aliyemfuata akaamua kwamba jioni uwanja huo ukodishwe kuegeshea magari. Simlaumu sana, kwa kuwa shule ilikuwa na madeni yake. Tulihamia kwenye baraza la saruji la jengo ambalo halijakamilika. Miezi sita haikupita wachezaji wawili walianza kulalamikia magoti, na mmoja, binti mwenye mruko mzuri kuliko wote, aliacha kabisa. Saruji haikubali mguu wa mchezaji wa ngoma, na ngoma zetu nyingi zimetungwa kwa ajili ya udongo. Germaine Acogny, mchezaji na mwalimu wa ngoma wa Senegal, alilielewa jambo hili alipoanzisha mwaka 1998 shule yake, École des Sables, katika kijiji cha wavuvi cha Toubab Dialaw kando ya bahari. Jina lenyewe lina maana ya shule ya mchanga, na mojawapo ya kumbi zake za mazoezi sakafu yake ni mchanga. Wachezaji kutoka nchi nyingi za Afrika wamekwenda kujifunza pale. Sisi tuna ziwa lenye fukwe za mchanga kila upande, na vijana wetu wanavunja magoti juu ya saruji.

Kuhusu namna ya kufundisha, hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Mwaka 1982 na 1983, walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miongoni mwao Penina Mlama na Amandina Lihamba, walifanya kazi Malya, wilayani Kwimba, kazi ambayo wanafunzi wa sanaa za maonyesho kwa maendeleo wanaisoma mpaka leo. Hawakufika na igizo lililoandikwa. Waliishi na wanakijiji, wakauliza ni nini kinachowasumbua, na likajitokeza suala la wasichana wa shule kupata mimba. Kisha vijana wa Malya wenyewe walilitungia maonyesho kwa kutumia ngoma na nyimbo walizozijua, na baada ya kuonyeshwa kijiji kilikaa kikajadili, wazazi kwa watoto. Siku hizi Malya inajulikana kwa chuo chake cha michezo cha Serikali, na nafurahi kwamba kipo. Lakini nikipita pale hujiuliza jinsi tulivyoweza kupata chuo cha kufundisha makocha katika kijiji kilekile ambacho kiliwahi kuwaonyesha Watanzania jinsi ya kufundisha kwa ngoma, na kwa upande wa ngoma tusipate hata chumba.

Linganisha hilo na yanayotendeka sasa. Shirika moja, ambalo sitalitaja, lilikiita kikundi chetu Jumatatu, likakikabidhi karatasi yenye ujumbe saba kuhusu afya, na likataka igizo Alhamisi katika viwanja vya Furahisha, likiwa na ujumbe wote saba kwa mpangilio uleule. Vijana walifanya, wakalipwa, na sikuwazuia kwa sababu walihitaji fedha. Hadhira ilikaa kwa adabu kama inayosikiliza tangazo la msiba, kisha ikaondoka. Kazi za namna hii ndizo zinazowalisha wasanii wengi wa jukwaani katika mkoa huu, na ubaya wake hauko kwenye ujumbe, bali kwenye siku tatu. Kikundi kinachoishi kwa maagizo ya siku tatu mwishowe husahau kwamba kuna namna nyingine ya kufanya kazi, na kijana anayejiunga nacho hujifunza hiyohiyo. Kituo chenye uongozi wake kingeweza kusimama kati ya kikundi na mteja na kusema: igizo hili litachukua wiki sita, wiki mbili za kwanza ni za utafiti, na gharama yake ni hii.

Sasa nani afundishe? Jibu la haraka ni wahitimu wa vyuo, nami ni mmojawapo wa kundi hilo, hivyo silidharau. Lakini elimu kubwa ya sanaa hii katika ukanda wa Ziwa iko kwa watu wasio na cheti: manju wa Usukuma, wapigaji wa litungu kule Mara, wapigaji wa enanga kule Kagera, watambaji wa hadithi wa Ukerewe. Mzee mmoja wa Bagalu ninayemfahamu anajua nyimbo za misimu mingi iliyopita, pamoja na sababu ya kila ubeti na nani alikasirika ulipoimbwa, lakini halmashauri haiwezi kumlipa kama mwalimu kwa kuwa hana karatasi ya kuweka kwenye faili. Njia ya kulitatua hili ipo tayari. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, imekuwa ikirasimisha ujuzi wa mafundi waashi, mafundi magari, wapishi na wengine waliojifunza kazini, ikiwapima kwa vitendo na kuwapa vyeti. Sioni kwa nini manju asipimwe kwa utaratibu kama huo, akiwa na jopo la wanaojua anachokijua. Na kwa kuwa mitaala mipya iliyoanza kutumika mwaka 2024 imezipa sanaa nafasi katika shule za msingi na katika mkondo wa amali, yaani wa ufundi na stadi za kazi, sekondari, shule zenyewe zitawahitaji watu hawa karibuni kuliko tunavyodhani. Mwalimu aliyesomea hisabati na kupangiwa kipindi cha sanaa anahitaji mahali pa kwenda wakati wa likizo akashikwe mkono.

Nizungumzie kidogo mabinti, kwa sababu kila kikundi nilichokifahamu kilikuwa nao wakiwa na miaka 13 na hakikuwa nao wakifika 17. Wazazi husema ngoma ni uhuni. Nilipoketi nao nikagundua kwamba kwa wengi hofu yao haihusu ngoma yenyewe. Wanahofia saa moja na nusu ya usiku, njia isiyo na taa kutoka uwanjani mpaka stendi ya daladala, na kikundi ambacho hakuna mtu mzima anayejulikana kukisimamia. Mama mmoja wa Mabatini aliniambia, “Mwalimu, mimi mwenyewe nilicheza. Nionyeshe geti na mama wa zamu, nitamleta mwanangu mwenyewe.” Geti, taa na mama wa zamu havigharimu kama ukumbi.

Fedha ni swali gumu na sitajifanya nina jibu kamili. Chuo cha muziki cha Zanzibar, Dhow Countries Music Academy, ambacho kimefundisha taarabu na ala zake kwa miaka mingi katika jengo la zamani la forodha, kilitangaza mwaka 2019 kwamba huenda kikafunga milango kwa sababu fedha za wafadhili zilikuwa zinakwisha. Hilo litukumbushe kwamba wafadhili huja kwa mkataba na huondoka kwa mkataba. Serikali nayo imeufufua Mfuko wa Utamaduni na Sanaa, unaotoa mikopo, na mikopo hiyo inamfaa anayerekodi nyimbo au kutengeneza filamu ya kuuza. Mafunzo hayana cha kuuza mwezi ujao. Ndiyo maana naona mshahara wa watu wachache wa kudumu, nasema watatu au wanne, uwe katika bajeti za halmashauri za Jiji na Ilemela kwa pamoja, kama zinavyolipa maofisa wengine, na vikundi vichangie kwa asilimia ya kazi zinazopatikana kupitia kituo. Wafadhili wakija, wanunue taa na vifaa vya sauti. Mishahara isiwe juu yao.

Kuhusu mahali, nawasihi watakaoamua wasikipeleke kituo hiki kando ya hoteli za Capri Point kwa ajili ya watalii. Kiwe upande wa barabara ya Musoma, Igoma au Kisesa, ambako daladala zinapita na ambako wachezaji wenyewe wanaishi. Na tangu Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, kikundi cha Sengerema au Geita hakisubiri tena kivuko, kwa hiyo kituo kinaweza kupanga mazoezi ya pamoja ya siku moja, jambo ambalo zamani liliishia foleni ya Kigongo.

Majengo nayo yapo. Katika eneo letu kuna maghala ya zamani ya pamba ambayo kwa miaka mingi hayajaona robota hata moja. Moja liko mwendo wa dakika 20 kwa miguu kutoka kwangu. Paa lake ni zima isipokuwa upande wa magharibi, mabati yake yako juu kiasi kwamba mrusha jembe hataligonga, na mlango wake ni mpana wa kupitisha lori la mchanga. Sijaruhusiwa kuingia, lakini nimelipima kwa hatua zangu nikitembea kando ya uzio: hatua 46 kwa urefu na 22 kwa upana. Mlinzi aliponiuliza ninahesabu nini nilimweleza, naye akaniambia kwamba baba yake alikuwa mpiga ngoma wa Bagika na kwamba ningekuja Jumapili, msimamizi akiwapo, huenda tungefunguliwa.

Wako,
Mwalimu mstaafu wa sanaa,
Igoma, Mwanza.